Kamera, Taa au Mavazi: Uanze na Kipi Ukitaka Roho ya Mtazamaji Iwe Juu?

Mwanamke anarudi nyumbani usiku. Anafika mlangoni, anatoa ufunguo, na kabla hajauingiza mlango unasogea wenyewe kidogo. Asubuhi aliufunga, anakumbuka vizuri. Basi. Onyesho letu halina zaidi ya hapo: mtu mmoja, mlango mmoja, na kitu ambacho huenda kimo ndani, huenda hakimo.

Tuseme onyesho hili ni la kwako. Una siku mbili za kupiga picha, fedha kiduchu, na marafiki waliokubali kusaidia lakini kila baada ya nusu saa wanatazama saa. Huwezi kufanya kila kitu vizuri. Nguvu uziweke wapi: kwenye kamera, kwenye taa au kwenye mavazi? Wanaofundisha filamu hupenda kujibu kwamba vyote hutegemeana. Ni kweli, ila jibu hilo halimfai mtu aliyebakiwa na saa nne kabla giza halijaingia.

Mimi naviona hivi. Taharuki ni kazi ya kuficha. Ama mtazamaji anajua kidogo kuliko anavyotaka kujua, ama anajua jambo ambalo mhusika halijui na hana namna ya kumwambia. Kamera, taa na mavazi vyote huficha. Kinachovitofautisha ni muda. Kamera huficha kitu kwa sekunde chache, mpaka picha inayofuata. Taa huficha kwa onyesho zima. Nguo yaweza kuficha kitu tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, mbele ya macho ya watu wote, na asishtuke mtu. Kwa hiyo swali la kwanza ni siri yako inatakiwa idumu muda gani.

Mlango uleule, mara tatu

Kwa kamera tu. Taa zote zinawaka, mwanamke amevaa nguo zake za kawaida. Piga picha ya karibu ya mkono wake ukielekea kwenye kitasa, karibu mno hata mlango wenyewe usionekane. Vidole vinasita. Mtazamaji anataka kuona ndani, usimwonyeshe. Badala yake hamia mwisho wa korido, kamera iwe chini, usawa wa goti, ikimtazama mwanamke akichungulia. Hapohapo mtazamaji anajiuliza: nani anatazama kutoka hapa? Pengine hakuna mtu. Lakini kamera ikiwekwa mahali ambapo mtu angejificha, inageuka kuwa macho ya mtu, hasa ikitikisika kidogo kama iko kifuani mwa anayepumua. Kisha rudi usoni kwa mwanamke na uache nafasi kubwa tupu nyuma ya bega lake. Macho ya mtazamaji yatahamia kwenye ile nafasi na hayatabanduka. Hakijatokea kitu bado.

Kwa taa tu. Kamera imesimama mahali pamoja na haisogei. Ndani ni giza. Mlango unapofunguka, mwanga wa nje unachora mstari mrefu sakafuni, na kivuli cha mwanamke kimelala katikati yake. Mwisho wa korido kuna mlango mwingine, na chini ya mlango huo upo uzi wa mwanga. Mwanamke anautazama. Uzi unazimika.

Kwa mavazi tu. Kamera imetulia, taa zinawaka. Mwanamke anaingia, anavua koti lake la buluu ili alitundike nyuma ya mlango. Pale nyuma pana koti jingine la buluu, sawasawa na lake, limelowa mvua mabegani. Lake ni kavu. Naye mtazamaji anakumbuka kwamba dakika kumi zilizopita alimwona mwanamke huyuhuyu, kwa nyuma, akivuka barabara kwenye mvua. Au alidhani ni yeye.

Njia mbili za kwanza waweza kuzibuni ukiwa umeshafika eneo la kazi. Ya tatu isipopangwa siku nyingi kabla, haipo. Hiyo ni tofauti kubwa, na watu wengi huigundua wakiwa wamechelewa.

Kamera: rahisi, ya haraka, nayo husahaulika upesi

Uzuri wa kamera ni kwamba uamuzi wake unafanyika papo hapo. Chumba si kama ulivyokifikiria? Ishushe hadi sakafuni, onyesho limebadilika. Haigharimu kitu, na simu ya kawaida inatosha.

Wanaoanza huvutwa na pembe za ajabu na kamera inayozungukazunguka. Kwa maoni yangu, kinachokaza tumbo la mtazamaji kuliko vyote ni kukataa kukata, yaani kuiacha picha moja iendelee bila kuhamia nyingine. Mwaka 1958 Orson Welles alifungua filamu yake Touch of Evil kwa picha moja inayokwenda zaidi ya dakika 3 bila mkato. Mtu anatega bomu lenye saa, analiweka ndani ya buti la gari. Kisha kamera inapanda juu ya mapaa, inashuka, inalifuata gari likipita taratibu katikati ya watu wa mji wa mpakani. Wahusika wanaongea mambo yao, na mtazamaji hawasikilizi, anahesabu. Kila gari linaposimama jirani na wapita njia, mtu anabana pumzi. Picha ile ingekatwa vipande kumi, kila mkato ungempa nafasi ya kupumua.

Lenzi nayo ina tabia zake. Lenzi pana ya simu ukiisogeza karibu na uso huvimbisha pua na kuirefusha korido iliyo nyuma. Ukirudi mbali ukatumia lenzi ya kuvuta, mtu aliye mita 20 nyuma ya mhusika huonekana yuko begani kwake. Ya kwanza humwacha mhusika mpweke, ya pili humzingira. Chagua hofu unayoitaka kabla hujaamua usimame wapi.

Mwaka huohuo wa 1958 Alfred Hitchcock alitoa Vertigo, filamu nitakayoirudia kwa sababu zana zote tatu zimo na kila moja inaonekana wazi ikifanya kazi yake. Shujaa wake anaogopa urefu. Anapotazama chini kwenye ngazi za mnara, kamera inakwenda upande mmoja huku lenzi ikivuta upande wa pili, na ngazi zinajinyoosha mbele ya macho kama mpira. (Ngazi zenyewe zilikuwa mfano mdogo uliolazwa ubavu, maana kufanya ujanja huo ndani ya mnara halisi kungekula fedha nyingi.) Ni picha inayotajwa kila filamu hiyo inapozungumzwa. Lakini ipime kwa saa: ni sekunde chache tu. Ndiyo hulka ya kamera. Inabana, inaachia, na picha inayofuata inafuta. Ukiinamisha pembe mara 5 ndani ya dakika 10, mara ya 6 mtazamaji atadhani mguu wa stendi umevunjika.

Taa: ngumu kuliko unavyodhani, na hapa ndipo filamu nyingi hufa

Giza la kwenye filamu si ukosefu wa mwanga. Ni mwanga uliowekwa mahali pengine. Sikulielewa jambo hili mpaka nilipoharibu kazi ya usiku mzima. Tulizima taa zote za chumba tukabakiza mshumaa, na kwenye kioo kidogo cha kamera picha ilipendeza kweli. Tulipoitazama kwenye skrini kubwa, kuta zote zilikuwa zinachemka chenga, na uso wa mwigizaji umekuwa doa la kijivu. Kamera isipopata mwanga hulazimisha kuona, na kulazimisha kwenyewe ndiko kunakozaa chenga. Dawa yake inashangaza kidogo: ongeza taa. Angaza ukuta wa nyuma kwa kiasi, mwigizaji mwache kwenye kivuli mbele yake, umbo lake lionekane jeusi. Mtazamaji atasema pale palikuwa giza totoro. Hapakuwa na giza. Palikuwa na taa moja nyuma ya sofa.

Kabla ya kufikiria una taa ngapi, fikiria mwanga unatoka wapi. Ukitoka mbele, karibu na kamera, unafuta kila siri: uso unakuwa bapa kama picha ya kitambulisho. Ukitoka pembeni, nusu ya uso inabaki gizani, na mtazamaji anaanza kutomwamini mwenye uso huo hata kama ni mtu mwema. Ukitoka juu kabisa, nyusi hutia kivuli machoni. Tusipoyaona macho ya mtu hatujui anawaza nini, na hapo hofu ina pa kuingilia. Mwanga wa kutoka chini ya kidevu umetumika mno kwenye filamu za mizimu. Siku hizi unachekesha.

Halafu kuna ukali. Balbu tupu, ndogo, hukata kivuli chenye ukingo mkali kama kisu. Ipitishe kwenye shuka jeupe, kivuli kinalainika na hofu inapungua. Na kuna umbali: taa ikisogezwa mara mbili ya umbali wake wa awali kutoka kwa mtu, mwanga unaomfikia hushuka hadi robo. Ni kanuni ya fizikia tu, lakini ukiijua hutahitaji taa ya gharama. Mweke mwigizaji karibu na balbu na ukuta uwe mbali, ukuta utazama gizani wenyewe.

Taa ina uwezo mwingine ambao kamera haina: yaweza kukitia shaka kitu kisicho na hatia. Katika Suspicion ya mwaka 1941, Hitchcock alitaka mtazamaji aiogope glasi ya maziwa. Mume anapanda ngazi gizani amebeba sinia, mke anaumwa juu, na hatujui kama maziwa yametiwa sumu. Balbu ndogo ilifichwa ndani ya glasi yenyewe. Kwenye skrini maziwa yanang'aa kuliko kawaida ya maziwa, na huwezi kuangalia kitu kingine. Hakuna aliyetamka neno sumu pale ngazini.

Mfano mwingine naupenda kuliko huo, maana ndani yake taa ndiyo hadithi yenyewe. Katika Wait Until Dark ya mwaka 1967, Audrey Hepburn ni mwanamke kipofu aliyevamiwa nyumbani kwake. Anavunja balbu moja baada ya nyingine ili giza limweke sawa na adui yake; gizani yeye ndiye mwenyeji. Amesahau moja: taa ya ndani ya friji. Mlango wa friji unafunguliwa, na faida yake yote inayeyuka. Onyesho zima limejengwa juu ya nani ana mwanga na nani hana, na mtazamaji analielewa bila maelezo.

Kasoro ya taa ni muda. Kusogeza kamera ni dakika moja. Kupanga taa upya ukigeuka kupiga upande wa pili wa chumba ni nusu saa, wakati mwingine zaidi. Kama ratiba yako ina kurasa nane za hadithi za kupigwa picha kwa siku, taa itakuangusha. Kasoro ya pili: mwanga usio na asili humtoa mtu kwenye hadithi. Kama kuna mwale wa buluu dirishani, mtazamaji atataka kujua ni mwezi au ni nini. Weka taa ya mezani ndani ya picha, hata kama siyo inayofanya kazi, apate pa kuegemeza imani yake. Vertigo ilifanya hivyo kwa ujanja: chumba cha hoteli kinazama kwenye mwanga wa kijani, na mwanga huo una mwenyewe, bango la neoni lililo nje ya dirisha. Mwanamke anapotokea ndani ya kijani kile anaonekana kama aliyefufuka, na hakuna anayeuliza rangi imetoka wapi.

Mavazi: yanayodharauliwa

Katika timu ndogo, mavazi huachiwa mwigizaji mwenyewe: "njoo na shati jeusi." Hapo ndipo zana ya bei rahisi inapotupwa.

Sababu ya kudharauliwa ni kwamba nguo haionekani ikifanya kazi. Katika Psycho ya mwaka 1960, mwanamke anaonekana mwanzoni akiwa na sidiria nyeupe. Anapoamua kuiba dola 40,000, sidiria ni nyeusi. Filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe tu, kwa hiyo tofauti ipo machoni pa kila mtu, na bado wengi hawawezi kuitaja wakiulizwa. Wanachojua ni kwamba walianza kuwa na wasiwasi naye kabla hajaondoka na zile fedha.

Nguo hufanya kazi kwa njia nne hivi, na mbili kati yake nitazipitia haraka. Kuna rangi: mtu mmoja mwenye rangi kali kati ya watu waliofifia hutafutwa na jicho hata akiwa mbali. Kuna sauti na mwendo: viatu vya visigino humsaliti anayejificha, sketi ya kubana humzuia anayekimbia, na koti refu linaweza kubeba chochote. Hizo ni rahisi.

Njia ya tatu ni umbo. Mtu akifunikwa uso, mtazamaji hana pa kusoma nia yake. Halloween ya mwaka 1978 ilitengenezwa kwa fedha chache, na barakoa ya muuaji ilikuwa ya dukani, ya bei isiyofika dola 2, iliyotengenezwa kwa sura ya mhusika wa mfululizo wa televisheni usiohusiana nayo kabisa. Waliipaka rangi nyeupe, wakapanua matundu ya macho, basi. Haina hasira, haina tabasamu. Ukiitazama unajikuta wewe mwenyewe unaijaza.

Njia ya nne ndiyo inayonifanya niandike haya yote: nguo kama ushahidi. Turudi Vertigo. Mwanamume ameambiwa mwanamke aliyempenda amekufa. Anakutana na mwingine anayefanana naye, anamlazimisha avae suti ileile ya kijivu, abadilishe rangi ya nywele, azibane kwa mtindo uleule. Sisi watazamaji tumeshaambiwa ukweli: ni mwanamke yuleyule, na kifo kile kilikuwa hila. Yeye hajui. Tangu hapo kila kipande cha nguo ni hatari. Halafu jioni moja, kwa furaha tu, mwanamke anavaa mkufu na kumwomba mwanamume amfungie. Mkufu huo anaujua. Upo shingoni mwa mwanamke aliyechorwa kwenye picha ambayo yule mpenzi wake alikuwa akienda kuitazama, naye akimfuata. Kamera haikuhitaji ujanja mwingi wala taa haikuhitaji kubadilika. Mkufu ulikuwa umesubiri.

Hakuna pembe ya kamera inayoweza kusubiri hivyo.

Gharama yake ni nidhamu. Mavazi hayasamehe. Picha iliyokaa vibaya unairudia, taa unaisogeza, lakini mhusika akiingia ndani na kola imefungwa, akatokea upande wa pili imefunguliwa, mtazamaji makini atadhani umempa dokezo na ataanza kuchunguza kola. Umemtia shaka mahali ambapo hukutaka. Piga picha ya simu ya kila mwigizaji mwishoni mwa kila onyesho, kuanzia kichwani hadi viatuni. Na kama kuna damu, matope au maji, uwe na nguo mbili zinazofanana. Shati lililochafuliwa haliwezi kurudi kuwa safi kwa ajili ya jaribio la pili.

Sasa uchague

Kama wazo lako ni shtuko la muda mfupi, mtu anafukuzwa, mtu anatazamwa, mtu anachungulia shimo, weka nguvu kwenye kamera na usijilaumu. Jipe picha chache, zikae muda mrefu.

Kama hadithi yako imefungiwa chumba kimoja usiku mmoja, taa ndiyo iongoze. Punguza idadi ya pembe ili usihangaike kupanga taa upya. Heshima ya onyesho itatoka kwenye kile kisichoonekana vizuri.

Kama mtu mmoja ndani ya hadithi yako si yule anayedhaniwa kuwa, anza na mavazi hata kabla ya kumaliza kuandika. Andika nguo ndani ya hadithi yenyewe, ukurasa kwa ukurasa, maana huwezi kuziongeza baadaye.

Kama huna uhakika, wengi watakushauri kamera, kwa kuwa tayari unayo. Mimi sikubaliani. Kamera utaitumia tu, hata bila kupanga. Hakuna filamu isiyo na pembe. Lakini nguo isipofikiriwa inabaki kitambaa, na taa isipofikiriwa inabaki balbu ya darini. Kwa hiyo muda wa maandalizi, ule wa nyumbani kabla ya siku ya kazi, uwape mavazi kwanza, taa ifuate. Siku yenyewe ikifika, akili iwe kwenye kamera.

Vikikutana vyote sawasawa, matokeo yake ni kama ghorofa la chini la The Silence of the Lambs, ya mwaka 1991. Umeme umekatwa. Muuaji amevaa miwani ya kuonea gizani, na kamera inatazama kupitia miwani hiyo: picha nzima ni ya kijani, na askari mwanamke anapapasa ukuta akiwa amefumbua macho yasiyoona. Mkono unanyooshwa mbele ya kamera, unakaribia nywele zake, haugusi. Miwani ni vazi, giza ni taa, mkono ni kamera. Ukitoa kimoja, hivyo viwili vilivyobaki vinaanguka.

Na lile onyesho letu la mlango? Ningepewa mimi, ningenunua makoti mawili ya buluu wiki moja kabla. Lile la pili ningelimwagia maji dakika tano kabla ya kupiga picha, ili yawe bado yanadondoka sakafuni mwanamke anapowasha taa. Kamera ningeiacha kwenye matone.